Jina la Nyambizi Iliyopwelewa

Mchoraji wa bahari hana budi kuharakisha, maana maji yakijaa mandhari yote hubadilika. W. L. Wyllie (1851–1931), bingwa wa Kiingereza wa fani hiyo, aliacha michoro kwa maelfu. Basi na ichukuliwe karatasi moja isiyo na maelezo, ya mchoraji yeyote wa zama zake: nyambizi imepwelewa, watu wameizunguka. Je, mtazamaji ana wajibu wa kujua ni nyambizi gani?

Wapo wasemao hana, kwani uzuri wa mstari hauhitaji hati. Kwa wingu na wimbi, hoja hiyo yakubalika. Kwa chombo cha vita haitoshi.

Mwezi wa Aprili 1919, Vita Vikuu vya Kwanza vimekwisha, nyambizi za Wajerumani zilizosalimishwa zilikuwa zikivutwa kupitia bahari iliyo baina ya Uingereza na Ufaransa. Kamba zikakatika. U-118 ikatupwa ufuoni Hastings, mbele ya mahoteli. UB-121 ikaishia Birling Gap, chini ya majabali meupe. Ya Hastings ndiyo iliyovuma: watu walimiminika, wakalipa ili wapande juu yake. Tangu hapo ni rahisi mno kuubandika kila mchoro wa namna hii jina la U-118, kwa kuwa ndilo linalojulikana. Huo ni uvivu, na uvivu katika ushahidi ni jirani wa uongo.

Mchoro wenyewe huweza kuhojiwa. U-118, iliyoundwa kwa kutega mabomu baharini, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 80. UB-121 mita 55 hivi. Mtu aliyesimama kando ya omo huwa kipimo, ikiwa mchoraji hakumpunguza makusudi ili chombo kitishe zaidi (na wachoraji hupenda kufanya hivyo). Majabali nayo hayahami.

Walinzi wawili wa pwani waliowatembeza wageni ndani ya U-118 walidhurika kwa hewa ya sumu, wakaugua, hatimaye wakafa. Ikiwa nyambizi ya mchoroni ni hiyo, basi wale watu wa penseli wamesimama kando ya kitu kilichoendelea kuua baada ya amani. Ikiwa siyo, kuupamba mchoro kwa vifo hivyo ni kuwadhulumu marehemu wawili.

Kabla ya mwaka 1919 kwisha, U-118 ilikwisha kuvunjwavunjwa, hivyo hapana chuma cha kulinganisha nacho. Pale majabali yasipoonekana wala kipimo hakiaminiki, mtunza orodha aandike “nyambizi iliyopwelewa”, na mahali pa namba aache wazi.