Subira ya Ayubu Haikuwa Kimya

Mwanamke akigundulika kuwa na virusi vya Ukimwi, neno la kwanza analopewa na watu wa dini, wawe wa msikitini au wa kanisani, mara nyingi ni subira. Anayetajwa kuwa mfano ni Ayubu, anayeheshimiwa na Waislamu na Wakristo, aliyepoteza mali, watoto na afya. Sina ugomvi na neno hilo. Nina ugomvi na tafsiri yake, kwa maana tumezoea kuielewa subira kuwa ni kuinamisha kichwa, kumeza maneno na kungoja. Ayubu hakufanya hivyo. Katika Biblia anabishana na rafiki zake sura baada ya sura, akikataa katakata hoja yao kwamba anayeteseka lazima awe amekosa. Katika Kurani naye anasikika akimlilia Mola wake na kuyataja madhara yaliyompata. Mfano wa subira tulioachiwa ni wa mtu aliyesema. Ndiyo maana nashikilia kwamba mwanamke anayeishi na VVU akisimama kudai haki hajaikimbia subira. Ameifikisha inakotakiwa kufika.

Rafiki za Ayubu wangali nasi, na mwanamke ndiye hukutana nao mapema. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza katika nyumba kujua, kwa sababu ndiye aendaye kliniki ya wajawazito na kupimwa huko. Anarudi na jibu, na kwa kuwa ndiye aliyeleta jibu, anahesabiwa kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo humlaumu anayeficha, wala haiulizi ni nani aliyemfanya aone heri kuficha. Anaficha kwa sababu wasikilizaji wake wameshatoa hukumu kabla hajafungua kinywa. Lugha yetu yenyewe iliibeba hukumu hiyo: kwa miaka mingi magazeti yaliandika "waathirika", mpaka wenye hali hiyo walipodai waitwe watu wanaoishi na VVU. Tofauti si ndogo. Mwathirika ni mtu aliyetendwa. Anayeishi bado anatenda.

Matendo hayo yana ushahidi. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia, na maana ya "bandia" iliandikwa kwa upana kiasi kwamba hata dawa halali za bei nafuu, zinazotengenezwa na viwanda visivyokuwa vya mgunduzi wa kwanza, zingeweza kukamatwa. Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wakiishi na VVU, walikwenda Mahakama Kuu Nairobi. Hoja yao ilikuwa kwamba uhai wao unategemea dawa hizo, na kwamba zikizuiwa au zikipanda bei, haki yao ya kuishi inabaki kwenye karatasi tu. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliwakubalia: vifungu hivyo vilihatarisha haki ya kuishi, ya utu na ya afya. Watu ambao jamii iliwaona kuwa wa kuhurumiwa ndio waliolinda dawa za Wakenya wengine wasiohesabika, wakiwemo waliokuwa wakiwanyooshea kidole.

Atakayepinga atasema dini inaagiza sitara, na kwamba mambo ya mwili hayaanikwi hadharani. Hoja hii ni nzito na naiheshimu. Lakini sitara ni vazi la mwenye mwili. Yeye ndiye ajuaye alifunge wapi na alifungue mbele ya nani. Wengine wakimwamuru anyamaze, hawajamsitiri, wamejisitiri wao. Tena kudai haki hakumlazimu mtu kutangaza jina lake. Nchini Namibia wanawake watatu wanaoishi na VVU waliishtaki serikali kwa kufungwa kizazi bila ridhaa ya kweli, na mahakamani walijulikana kwa herufi za majina yao tu. Walikuwa wamepewa fomu za kutia saini wakiwa katika uchungu wa uzazi. Mwaka 2014 mahakama ya juu kabisa ya nchi ilithibitisha ushindi wao: saini ya mwanamke aliye katika hali ile, asiyeelezwa vizuri anachokikubali, si ridhaa. Mahakama haikuona kwamba imethibitishwa walifanyiwa hivyo kwa sababu ya VVU, ila haki ya mwili wao ilisimama. Na Uganda, wanawake wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kilichoundwa mwaka 1992, waliandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: picha, majina ya ukoo, kijiji cha asili, na katikati ya kurasa hizo, ukweli kuhusu afya ya mama. Huo nao ni ushuhuda, ingawa msikilizaji wake ni mtoto mmoja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: kusema kunaweza kuua. Desemba 1998 Gugu Dlamini aliuawa kwa kipigo huko KwaMashu, karibu na Durban, Afrika Kusini, baada ya kujiweka wazi kwamba ana VVU. Siwezi kumwambia mwanamke yeyote kwamba ni wajibu wake kujiweka katika hatari hiyo. Ninachosema ni kwamba hatari hiyo ilitengenezwa na watu, na watu wanaweza kuigawana hadi ipungue. Wanaharakati wa Treatment Action Campaign, harakati ya kudai matibabu ya VVU iliyoanzishwa nchini humo mwezi huohuo, walivaa fulana zilizotangaza kifuani kwamba mvaaji ana VVU, awe anavyo au hana. Nelson Mandela naye aliivaa mwaka 2002. Palipo na fulana kama hizo mia, anayetafuta wa kumpiga hajui aanze na nani.

Wapo pia wasemao kwamba siku hizi dawa zipo, hivyo kelele za nini? Ni kweli kwamba mtu ambaye dawa zimefubaza virusi mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Lakini kidonge hufubaza virusi, hakifubazi minong'ono, na mwanamke anayeogopa kuonekana na kopo la dawa ataacha kuzimeza.

Kwa hiyo kila anayemtaja Ayubu mimbarini au madhabahuni namwomba amsome mpaka mwisho. Katika Biblia, Mungu hakuwaunga mkono rafiki za Ayubu. Aliwakemea rafiki, akawaamuru wamwendee Ayubu awaombee. Basi nasi tumwendee mwanamke huyu, tukae, tumsikilize, tumwombe radhi.