Kalamu Inayoushika Moyo



Nduzangu, leo naomba tuizungumze kalamu. Ya ulimi twakumbushana kila Ijumaa. Kalamu twaiacha ipite, na siku hizi kila mmoja wetu anayo mfukoni, ndani ya simu.

Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alitutahadharisha kuwa katika ufasaha mna uchawi. Hakuuharamisha ufasaha. Alitaka tuwe macho.

Mtazameni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi, utenzi wa yapata miaka mia mbili. Angependa, angetusimamia na kutukaripia kwa kuipenda dunia, na nani angemsikiliza? Badala yake anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuulaumu. Sisi twakaa kando kama watu wanaosikiliza ugomvi wa nyumba ya jirani, raha mustarehe, mpaka twatanabahi kuwa moyo unaosutwa ni wetu. Kisha anatuingiza katika majumba ya mji wa Pate yaliyohamwa. Hatosheki kusema kuwa matajiri wamekufa. Anatuonyesha vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri, sasa mmelala makinda ya ndege. Aliyelelewa na bibi katika nyumba ya mawe hapa Mji wa Kale wa Mombasa anajua kidaka kilikuwa fahari ya nani. Moto wa Jahannam anauweka mwishoni, moyo ukisha kulainika. Huo ni ufundi, na ni ufundi halali: hakuna alichotuficha, na magofu ya Pate yapo, nenda kayatazame.

Sasa upande wa pili. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vikiwa vimemalizika juzi tu, ilizagaa kuanzia Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilisimulia kuwa mtu aitwaye Sheikh Ahmad kamwota Mtume, na kwamba Kiyama ki karibu. Ikanakiliwa kutoka mji hadi mji, Wajerumani wakaingiwa na hofu ya uasi mwingine. Angalieni ilivyosukwa. Imetanguliza jina la mji mtukufu, ili anayeishuku ajione anaushuku mji wenyewe. Imeegemea ndoto, jambo lisilo na shahidi. Tena imeanza na hofu, pale pale ambapo Sayyid Abdalla alimalizia.

Barua hiyo haijafa. Sheikh Ahmad yule yule bado anaota katika makundi yetu ya WhatsApp, sasa na ahadi ya riziki kwa atakayeisambaza na msiba kwa atakayeikalia. Inafika usiku wa Ijumaa, mtu kaguswa, keshaituma kwa shangazi na wajomba kabla hajamaliza kuisoma.

Linganisheni na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: alipotoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, alitulaumu hapa hapa Mombasa, na maneno yake yaliuma. Lakini alijulikana ni nani. Asiyekubaliana naye alijua pa kumpata akamjibu.

Sura ya Hujurat imetuamrisha tuhakikishe khabari kabla ya kudhuru watu kwa ujinga. Basi ujumbe ukikufikia leo na moyo ukaruka, kizuie kidole kwanza. Uliza ni nani kaandika, na ni neno gani hasa lililokurusha moyo. Ukimkosa mwandishi, na ukaona lililokusukuma ni vitisho tu, ufute, hata kama umeletewa na mamako.