Marhamu ya Thamani na Nauli ya Basi

Mwaka jana kijana mmoja wa usharika wetu mkoani Mbeya aliniletea fomu ya ufadhili wa masomo. Alitaka kwenda ng'ambo kujifunza utafiti wa kutibu saratani za watoto kwa seli za mgonjwa mwenyewe, naye alihitaji barua ya mchungaji. Fomu ilikaa mezani kwangu wiki mbili. Mwezi uleule nilikuwa nimeteremka Kyela kumzika mtoto wa miaka sita aliyevimba taya. Wazazi wake walichelewa kumfikisha hospitali kwa kukosa nauli. Nikajiuliza: je, ni haki kipawa cha kijana wetu kitumike kwa tiba ambayo mtoto yule asingeipata?

Tiba yenyewe ni ya ajabu. Madaktari huchota damu ya mgonjwa, hutenga seli za kinga, huzitia jeni mpya maabara ili zitambue saratani, huzizidisha, kisha huzirudisha mwilini. Mwaka 2012 huko Philadelphia, Marekani, Emily Whitehead, naye wa miaka sita, alitibiwa hivyo saratani ya damu iliyokuwa imeshinda dawa nyingine, akapona. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hiyo kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja.

Nilipokwenda Iringa kufundisha maadili, niliwapa wanafunzi wa theolojia swali hili. Wengi walisema fedha hizo zingenunua dawa na nauli za watoto wengi. Ndipo mama mmoja akauliza, "Mchungaji, kwa nauli ya yule mtoto wa Kyela, usharika ulichanga kiasi gani?" Hatukuchanga kitu. Hatukuuliza.

Nilimkumbuka Yuda kule Bethania. Aliona marhamu ya dinari 300 kuwa hasara, akawataja maskini. Lakini Yohana anatueleza kwamba hakuwa na uchungu nao. Bwana alimtetea yule mwanamke, wala hakutupa ruhusa ya kuwasahau maskini. Nami niliona kosa langu: kuizuia fomu kusingetia hata shilingi moja mkononi mwa baba yule. Nilikuwa ninamlipisha kijana deni langu mwenyewe.

Tena, elimu hii si ya wageni peke yao. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt, Mkristo, alianza kuwachunguza watoto waliovimba taya. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya maili hadi kusini mwa Afrika, akithibitisha kwamba ugonjwa huo ni wa nchi za joto na mvua, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Dawa ya saiklofosfamidi, iliyowaponya baadhi ya watoto wale wa Kampala, leo hupewa mgonjwa kumwandaa kabla ya kurudishiwa seli zake. Watoto wa kwetu wamo ndani ya elimu hii tangu mwanzo. Basi si hisani mtoto wao akiketi maabara. Na tiba itakayotoka humo ina wajibu wa kurudi kwao.

Luther alifundisha kwamba kila kazi halali ni wito wa kumtumikia jirani. Jirani wa mtafiti ni mtoto ambaye hajazaliwa bado. Jirani wa mchungaji ni mtoto aliye kituo cha mabasi leo. Hakuna anayeruhusiwa kujificha nyuma ya wito wa mwenzake.

Nilijaza fomu. Nilimwambia kijana, "Mwanangu, huko uendako usiache kuuliza bei itashukaje." Kisha nilipeleka kwa baraza la wazee hoja ya mfuko wa nauli za watoto wagonjwa kwenda Muhimbili. Mfuko bado ni mdogo, lakini wiki iliyopita mtoto mmoja amepanda basi.