Jina Nililoliruka

Kwa miaka miwili ya chuo nilisali kila siku saa kumi na moja alfajiri. Simu ikilia nilitandika kitenge sakafuni, nikapiga magoti taratibu nisiwaamshe wenzangu wa chumbani. Nilikuwa na daftari la maombi lenye tarehe. Wenzangu kwenye ushirika wa wanafunzi waliniomba niwafundishe nidhamu hiyo, nami nikawafundisha, kwa uhakika wa mtu ambaye hajaulizwa swali gumu, kwamba sala ya kila siku huimarisha imani.

Katika miaka hiyohiyo miwili sikuzungumza na kaka yangu.

Kisa chenyewe ni cha kawaida. Mama aliuza maharage, akampa kaka fedha za ada yangu azilipe benki mjini Kasulu. Kaka akazibeti. Muhula ule sikufanya mitihani. Alinitumia ujumbe wa kuomba radhi, nikausoma, nikaufuta. Kesho yake alfajiri niliamka kusali kama kawaida, na nakumbuka sala ilikuwa tamu.

Mwaka huu nimerudi Kigoma kukusanya data za tasnifu ya uzamili kwa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa Kasulu. Ijumaa napanda gari kwenda Kibondo kwa bibi, kupitia Makere, njia ya kambi ya Nyarugusu, na nafika nikiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Sala ya bibi haina mvuto wowote. Tukishamaliza ugali wa muhogo, sahani zikiwa bado chini, anasema "Imana", jina la Mungu ambalo sisi Waha tunalitumia sawa na Warundi. Anashukuru kwa sentensi mbili, kisha anataja majina. Hasemi mtu huyo apewe nini. Anamtaja, anatulia kidogo, anakwenda kwa mwingine. Mwaka 2015, Warundi walipoletwa kambi ya Nduta hapa Kibondo, orodha ilirefuka. Majirani walinung'unika kuhusu kuni, na bibi naye alinung'unika, maana kuni zilikuwa shida kweli. Lakini jioni wageni walikuwa kwenye orodha.

Alilelewa na watu wa Uamsho. Vuguvugu hilo lilishika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, likaenea hadi huku magharibi mwa Tanganyika. Wanaolisimulia huanzia mwaka 1929, pale kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi walipokaa pamoja wakisoma Biblia na kusali. Watu hukumbuka zaidi machozi na nyimbo. Mimi kinachonivutia ni kwamba walokole walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni, wakaenda kwa mtu waliyemkosea wakamwambia. Walikuwa na ukali wao pia, na kupenda kuchunguza dhambi za wengine, sitaki kuwapamba. Ila sala yao ilikuwa na anwani.

Kwenye orodha ya bibi kulikuwa na jirani aliyeng'oa mimea ya mpaka wa shamba letu. Nikiwa mtoto, jina lile lilinichefua. Nilidhani bibi anaogopa. Kumbe wiki hiyohiyo alikwenda baraza la ardhi la kata, akaeleza mbele ya wazee mpaka ulipita wapi, mti kwa mti, bila kupunguza neno. Jioni akamtaja tena. Nalisema hili kwa sababu nimewahi kusikia mwanamke aliyepigwa akiambiwa aende akamwombee mumewe, basi, yaishe. Huo ni ukatili uliovaa kanzu. Bibi alijua kesi inapelekwa barazani, na jina linapelekwa kwa Mungu, na kimoja hakikumzuia kufanya kingine.

Ijumaa moja mwezi uliopita akaniambia nisalishe. Nikasali vizuri, nilivyozoea. Nikawataja wote: mama, shangazi, wagonjwa, wanafunzi wa mitihani. Amina. Bibi hakuinuka.

"Umemruka mtu."

"Sijamsamehe, Bibi. Nikimtaja nitakuwa namdanganya Mungu."

"Sijakuambia useme umemsamehe. Nimekuambia umtaje."

Nilibishana naye kichwani usiku mzima. Nilikuwa nimeamini kwamba sala isiyotoka moyoni ni unafiki. Kuna hoja ya zamani ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, anayemshauri asiyeweza kuamini aanze kutenda kama waaminio, na imani itafuata. Darasani niliiona hoja hiyo kama ujanja wa kujidanganya. Lakini bibi hakuniambia niigize chochote. Kutaja jina si kudai kwamba unampenda mwenye jina. Ni kukubali tu kwamba yupo, na kwamba mahali unapopiga magoti naye ana nafasi. Hapo uongo uko wapi? Uongo ulikuwa kwenye daftari langu, lenye kurasa mia mbili na kaka hayumo.

Kiswahili kina jambo ambalo sikulitilia maanani mpaka usiku ule. Tunasema mtu ana imani kwa Mungu, na tunasema pia "mwonee imani", yaani mhurumie. Asiye na huruma tunasema hana imani, hata awe anakwenda kanisani kila siku. Neno ni hilohilo. Nilipowafundisha wenzangu kwamba sala huimarisha imani, nilimaanisha ile ya kwanza tu, na niliipima kwa jinsi nilivyojisikia alfajiri. Ile ya pili ilikuwa inakonda nami sioni.

Rafiki yangu mmoja asiye na dini anasema basi Mungu wa nini; taja majina kila jioni na utalainika vilevile. Huenda. Sina jibu la kumnyamazisha. Najua tu kwamba mimi mwenyewe nisingemtaja kaka mbele ya ukuta. Nilimtaja kwa sababu niliamini kuna anayesikia, na kwa sababu nilimwogopa kidogo huyo anayesikia. Jioni nyingine jina linatoka kama mfupa wa migebuka uliokwama kooni.

Jumanne iliyopita nilimpigia. Tuliongea kama dakika mbili. Akauliza kama mvua zimeanza Kibondo, nikamwambia niko Kasulu, na hapa bado. Fedha hatukuzigusa. Akasema atanipigia Jumapili.

Jumapili hakupiga. Jioni bibi akasogeza sahani, akanitazama, akasema nianze mimi.