NYUMBA YA MATOFALI MABICHI

Masomo: Yeremia 22:13-17, Yakobo 5:1-6



Karibu na mji wa Petaluma, katika jimbo la California huko Marekani, iko nyumba kubwa ya kale juu ya kilima kidogo. Imejengwa kwa matofali mabichi, yaani udongo uliokandwa kwa maji na majani makavu, ukafyatuliwa na kuanikwa juani bila kuchomwa. Wengi wetu tumelelewa katika nyumba za namna hiyo, wala hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kuta zake zina unene wa karibu futi 3, na kuzunguka juu iko roshani pana ya mbao. Nyumba hiyo imetengenezwa upya, nayo iko wazi kwa kila atakaye kuizuru. Wageni huonyeshwa vyumba, vyombo vya kupikia, na ngozi za ng'ombe.

Mwenye nyumba alikuwa jemadari Mariano Guadalupe Vallejo. Nchi ile ilipokuwa chini ya Mexico, alipewa ardhi mwaka 1834, nayo ikaongezwa baadaye hata ikafika ekari 66,000. Ujenzi ulianza mwaka 1836, ukaendelea miaka kumi. Ng'ombe wake walikuwa maelfu. Ngozi na shahamu ziliuzwa kwa merikebu za wafanyabiashara, na shahamu hiyo ilitengenezwa mishumaa na sabuni.

Wapendwa, nyumba hii yatuhubiria mambo matatu.

Kwanza, udongo hudumu ukifunikwa. Adui wa tofali bichi ni maji. Wajenzi wa Petaluma walijua hivyo, ndiyo sababu paa lilitokezwa mbele sana na roshani ikazungushwa, mvua isipige kuta. Lakini nyumba ilipouzwa mwaka 1857, baadaye ikaachwa bila matunzo, maji yalipata njia. Hata leo ni karibu nusu tu ya jengo lile iliyosalia. Nusu nyingine iliyeyuka ikarudi kuwa mavumbi. Haikubomolewa na vita wala tetemeko. Ilibomolewa na paa lisilozibwa. Nasi tu udongo. Mkristo haanguki siku moja. Huanza kwa sala iliyoachwa jioni moja, kisha ya pili, na kwa ugomvi mdogo wa mume na mke usiopatanishwa kabla ya kulala. Ndugu yangu, zibeni paa lingali linavuja tone moja.

Pili, si kila kipako ni dawa. Mafundi wanaotengeneza nyumba za kale za udongo wamejifunza jambo kwa hasara. Zamani wengine walidhani wakipaka saruji juu ya ukuta wa matofali mabichi wameuimarisha. Kwa macho ukuta ulipendeza. Kumbe unyevu ulinaswa ndani usipate pa kutokea, udongo ukalainika nyuma ya saruji ile ngumu, hata siku moja ukuta ukaporomoka wote. Dawa yake ni kuondoa palipooza, kuweka tofali jipya la udongo ule ule, na kupaka udongo au chokaa ipitishayo hewa. Nabii Ezekieli alikwisha kuwaonya watu wapakao chokaa ukuta dhaifu. Twaweza kuja kanisani tumevaa vizuri, tumesimama imara katika kwaya au katika halmashauri, na ndani twaoza kwa chuki. Toba ni kazi ya kuchokoa palipooza. Inauma, lakini ndiyo inayoponya nyumba.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi: ni nani aliyefyatua matofali? Jemadari hakuyafyatua. Waliokanda udongo, wakabeba magogo, wakachuna ngozi na kupika shahamu walikuwa wenyeji wa nchi ile, Wamiwok, Wapomo, Wapatwin, Wawappo na wengineo. Wengine walifanya kazi kwa chakula na mavazi tu. Wengine waliletwa kwa nguvu. Misheni ya Sonoma, iliyoanzishwa mwaka 1823, ilipoondolewa mikononi mwa mapadre, sheria ilikusudia wenyeji wapewe sehemu ya ardhi na mifugo. Lakini sehemu kubwa ya ardhi za misheni katika nchi ile iliishia kwa wenye nguvu. Kisha mwaka 1837 na 1838 ndui ikapita, ikaua watu wengi mno katika vijiji vyao.

Miaka ya 1990 wachimbuzi wa mambo ya kale walichimba karibu na nyumba ile. Wakakuta shanga za kioo, zana za mawe na mifupa ya wanyama walioliwa. Ndiyo mabaki ya wafanya kazi wale. Jina la mwenye nyumba limeandikwa kila mahali. Wao wameacha shanga.

Yeremia alimwambia mfalme Yehoyakimu, aliyejipamba kwa nyumba ya mierezi, kwamba ole wake ajengaye pasipo haki na kumtumikisha jirani bila ujira. Yakobo naye asema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Na huyo jemadari? Mwezi Juni mwaka 1846 walowezi wa Kimarekani walimkamata wakamfunga. Baadaye ardhi zake zikamtoka, hata alipofariki mwaka 1890 alikuwa amebakiwa na kipande kidogo tu. Ekari 66,000 hazikumshika mkono.

Basi tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Binti anayetulelea watoto, je, amelipwa mwezi uliopita? Mlinzi wa usiku ana blanketi? Kibarua aliyelima shamba letu tumemwambia mara ngapi, "Njoo kesho"? Hata makanisani mwetu jiwe la msingi huandikwa jina la aliyelifungua jengo. Mama waliobeba maji na mchanga kichwani hawakuandikwa popote. Mungu anawajua wote kwa majina, nasi yatupasa tuwajue.

Ni jambo jema kwamba nyumba ya Petaluma imetengenezwa. Lakini nyumba ya kale haijatengenezwa kweli mpaka habari za walioijenga nazo zimesemwa. Vivyo hivyo na nyumba zetu. Juma hili, kabla ya kuja mezani pa Bwana, kila mmoja atazame deni la mtu mdogo lililo mkononi mwake, akalilipe.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetufinyanga kwa udongo, ziba nyufa zetu, ondoa palipooza ndani yetu, utufundishe kumpa kila mtu haki yake, ili nyumba zetu zisitushitaki mbele zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.