Je, Ridhaa Yaihalalisha Kamari?



Watu wanaoanza kuuchunguza Uislamu huuliza mengi juu ya mambo uliyoyakataza, na miongoni mwa hayo swali la kamari ni gumu kuliko linavyodhaniwa. Ubaya wa wizi hauhitaji hoja ndefu, kwani aliyeibiwa hakuridhika. Lakini mcheza kamari asema: "Fedha ni yangu, nimeipata kwa jasho langu. Hakuna aliyenishurutisha. Sheria ya nchi yaniruhusu, na kanuni za mchezo nazijua. Nikishinda nimeshinda, na nikishindwa nimeridhika. Basi nimemdhulumu nani?" Swali hili lastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa makemeo.

Nimelisikia swali hili mara nyingi katika mji ambao jina lake limekuwa sawa na kamari yenyewe, yaani Las Vegas, katika jimbo la Nevada, Marekani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda huko wakati wa likizo za chuo ninachofundisha, kuwatembelea waumini wachache na watu wanaotaka kuujua Uislamu. Mgeni hahitaji kutoka katika uwanja wa ndege ili aione kamari. Mashine zake zimepangwa humo humo ukumbini, zikiwaka taa na kutoa milio, hata msafiri aliyeshuka sasa hivi aweza kupoteza fedha zake kabla hajaupata mzigo wake.

Yatupasa tuanze kwa uadilifu. Kurani Tukufu haikusema kwamba kamari haina faida yo yote. Katika Sura Al-Baqarah, aya ya 220, Mwenyezi Mungu amekiri kwamba katika ulevi na kamari zimo faida kwa watu, kisha akabainisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko faida yake. Nani, basi, awezaye kusema kwamba Waislamu wamefumbwa macho wasizione faida hizo? Zinaonekana wazi. Mahali pale palikuwa jangwa lenye chemchemi chache, na jina lake kwa Kihispania lina maana ya mabonde yenye majani. Tarehe 15 Mei, 1905, viwanja vyake viliuzwa kwa mnada kando ya njia ya reli. Tarehe 19 Machi, 1931, wakati dunia imekumbwa na dhiki kubwa ya uchumi, serikali ya Nevada iliihalalisha kamari. Leo hapo pana mji mkubwa. Katika mwaka 2019 wageni waliouzuru walizidi milioni 40. Maelfu kwa maelfu ya wapishi, wafagiaji, madereva na wahudumu wapata riziki zao humo, na jimbo lenyewe haliwatozi watu kodi ya mapato ya mishahara yao. Hizo ndizo faida. Sasa na tuitazame dhambi.

Liko gurudumu moja mashuhuri katika majumba yale. Gurudumu la Kimarekani lina vishimo 38, yaani namba 1 hadi 36, pamoja na sifuri na sifuri mbili. Mtu akiweka dola moja juu ya namba moja, na kijipira kikaangukia namba hiyo, hulipwa dola 35 na kurudishiwa dola yake. Tuseme mtu ameweka dola moja juu ya kila kishimo. Atakuwa ametoa dola 38, naye atapokea dola 36. Dola 2 zimebaki kwa mwenye nyumba. Hapana wizi hapo, wala gurudumu halikupindwa. Ni hesabu tu, na mwenye nyumba haifichi. Mchezaji mmoja aweza kushinda usiku mmoja akaondoka akicheka, lakini wachezaji wote kwa jumla, wakicheza kwa muda mrefu, hawawezi kuishinda hesabu ile.

Zingatia neno hilo: kwa muda mrefu. Mwenye nyumba hahitaji kudanganya. Ahitaji mgeni wake akae tu. Kwa hiyo bidhaa anayoitafuta hasa ni wakati wa mgeni. Ndiyo sababu, kwa desturi, majumba mengi ya kamari hayana saa ukutani, na kumbi zake hazina madirisha. Taa ni zile zile saa sita za mchana na saa tisa za usiku. Vinywaji huletwa bure mchezaji alipo ili asiinuke. Fedha hugeuzwa kuwa vipande vya plastiki vya rangi rangi, ambavyo mkono hauoni uchungu kuvitoa. Hata anayetaka kwenda chumbani kwake kulala, mara nyingi njia yake hupita katikati ya meza na mashine hizo.

Mara ya kwanza nilipoingia katika ukumbi kama huo kuonana na mtu, wakati wa sala ulinikuta humo, nami sikuweza kujua kama jua limekwisha kutua. Hapo nikaikumbuka Sura Al-Maidah, aya ya 92, inayoeleza kwamba shetani ataka, kwa njia ya ulevi na kamari, kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia wasimkumbuke Mwenyezi Mungu na wasisali. Nilikuwa nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, nikidhani kwamba sala imetajwa mwishoni kama nyongeza tu. Kumbe ni kiini cha jambo lenyewe. Sala za Mwislamu zimefungwa na alfajiri, na kupinduka kwa jua, na machweo yake. Mara tano kwa siku aambiwa wakati ni upi, na kwamba wakati huo si mali yake peke yake. Nyumba ya kamari hutaka asahau yote mawili.

Sasa turudi kwenye ridhaa. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 30, tumekatazwa kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Mcheza kamari aweza kusema, "Nami nimeridhia!" Lakini aya imetaja biashara pamoja na ridhaa. Nikinunua mchele, muuzaji apata fedha nami napata chakula. Sote wawili twaondoka na kitu, nami naweza kumwombea muuzaji wangu afanikiwe zaidi. Katika kamari hakuna punje iliyolimwa wala kazi iliyotendwa. Kinacholipwa kwa aliyeshinda kimetoka kwa walioshindwa. Mtukufu Mtume s.a.w. alitufundisha kwamba imani ya mtu haikamiliki mpaka ampendelee ndugu yake lile analoipendelea nafsi yake. Mcheza kamari atampendeleaje mwenziwe ushindi, ilhali ushindi wake mwenyewe hauna chemchemi nyingine ila hasara ya wenziwe?

Haya yote, mpenzi msomaji, ni rahisi kuyasema kwa mtu asiyeitegemea kamari kwa chakula chake. Nami nilifundishwa hilo na mtu mmoja mzaliwa wa Bukavu, aliyefika Marekani kama mkimbizi. Kazi yake ilikuwa kugawa karata katika nyumba ya kamari. Alikuwa akisoma vitabu vyetu na kuhudhuria mazungumzo yetu kila nilipokwenda. Siku moja akaniuliza: "Sheikh, mimi sichezi kamari, nagawa karata tu. Wakija, nawagawia, wasipokuja, siwaiti. Kosa langu ni lipi?"

Nilimjibu upesi kwa kumtajia sura na namba ya aya. Akainamisha uso, akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Safari iliyofuata hakuja. Nikapata habari kwamba alikuwa na watoto wawili, na mama yake huko Bukavu aliishi kwa fedha alizompelekea kila mwezi. Nilitambua kwamba nimemjibu kweli tupu bila kumwuliza habari zake, na huo haukuwa mwendo wa Mtukufu Mtume s.a.w., aliyewalea watu hatua kwa hatua. Nikamtafuta nyumbani kwake, nikamtaka radhi, nikaketi nimsikilize.

Akanieleza jambo nisilolijua. Mgawa karata anapotoka mezani hupiga makofi mara moja, kisha hukunjua viganja vyake na kuvigeuza huku na huku mbele ya kamera iliyo juu, ili ionekane kwamba hakuchukua kitu. Akasema, "Kila siku nathibitisha kwamba mikono yangu ni safi." Kisha akanisimulia habari ya mama mmoja mzee aliyezoea kuja kwenye meza yake kila mwanzo wa mwezi. Siku moja mama yule alimwuliza, "Mwanangu, nje ni usiku au mchana?" Naye mwenyewe hakujua. Mama akatoa vipande vyake vya mwisho, akapoteza, akabaki ameketi. "Sheikh," akasema, "zamu yangu ilipokwisha nilikunjua viganja kama desturi. Kamera iliridhika. Mimi sikuridhika."

Je, mama yule alikuwa ameridhia? Aliingia kwa miguu yake, ndiyo. Lakini ridhaa ni tendo la mtu ajuaye anachokitoa, naye hakujua hata kama jua limechomoza. Fedha ile huenda ilikuwa kodi ya chumba chake, na kila kitu kilichomzunguka kilipangwa ili asifikirie jambo hilo. Anayemnyang'anya mtu busara yake kidogo kidogo, kisha akasema "ameridhia mwenyewe", ana tofauti gani na aliyemlevya mtu akamtia sahihi mkataba?

Nami nikamkumbusha ndugu yule sharti la nne katika masharti kumi ya baiat, aliyoyaweka Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, mwaka 1889: kwamba mwenye kuingia katika Jumuiya hatawadhuru viumbe vya Mwenyezi Mungu, si kwa ulimi, si kwa mkono, wala kwa njia nyingine yo yote. Safari hii sikuongeza neno. Alikuwa amekwisha kulijibu swali lake kabla yangu.

Mwezi wa Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, gavana wa Nevada aliamuru majumba yote ya kamari yafungwe. Mji ule usiolala ukanyamaza mpaka tarehe 4 Juni, na watu wengi mno wakabaki bila kazi. Faida tuliyoitaja mwanzoni ilionekana jinsi ilivyosimama juu ya nguzo moja. Milango ilipofunguliwa ndugu yule aliitwa, akarudi kazini, kwa sababu alikuwa na deni la nyumba. Sikumlaumu. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kupeleka mizigo kwa gari, akaacha karata, na baadaye akafanya baiat. Sitaki kukuficha, msomaji: mshahara wake ulipungua, na nyumbani palikuwa na maneno. Mwenyezi Mungu ameahidi katika Sura At-Talaq kwamba amchaye humfungulia njia na kumruzuku asikotazamia; hakuahidi kwamba njia hiyo itakuwa ya lami. Lakini ndugu yule aliniambia kwamba sasa, anapoinua viganja vyake kuomba dua, haoni tena haja ya kuvigeuza huku na huku.

Huenda wewe uko Tanga, Kisumu au Bujumbura, ukasema kwamba Las Vegas ni mbali. La, mji ule umekwisha kuingia mfukoni. Vijana wetu hubashiri matokeo ya mpira kwa simu, na orodha ya mechi walizozichagua huiita mkeka. Simu nayo haina mlango wa kufungwa usiku, na hesabu yake ni ile ile ya gurudumu. Tena wako ndugu zetu wenye maduka walioweka mashine za sarafu barazani, nao husema kama alivyosema mgawa karata: "Mimi sichezi." Nawasihi wajiulize ni mtoto wa nani anayeacha fedha ya mboga katika mashine ile. Na wewe, kijana, mkeka waliotuachia wazee wetu ni wa kusalia. Anayeukalia huo hujua saa ngapi, hujua anatoa nini, na anaweza kumwombea kila jirani heri ile ile anayojiombea.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, ijapokuwa ndogo, na atupe moyo wa kuridhika nayo. Amin.