Kiraka, Bitana na Sitara

Katika lugha yetu mtu hurithi mkoba. Twasema hivyo juu ya mganga aliyeachiwa kazi na babaye, juu ya mwalimu mkuu anayempisha mwenziwe, hata juu ya mwanasiasa anayekalia kiti cha aliyemtangulia. Aghalabu tunapoyatamka maneno hayo hatukumbuki tena kwamba hapo kale palikuwa na mkoba hasa, yaani mfuko wa ngozi wenye mkanda wa kuvaa begani, ambamo mtu aliweka zana za kazi yake pamoja na vitu ambavyo hakupenda vionwe na kila mpita njia. Mkoba huo uliweza kurithiwa kwa kuwa ngozi yake ilikuwa njema, na kwa kuwa kila ulipochanika palikuwapo mtu wa kuushona. Habari za ngozi njema husemwa sana. Habari za mshonaji husemwa kwa nadra, nasi tunataka kuzisema, maana katika kazi yake mna swali la maadili ambalo wanafunzi wetu walitubana nalo darasani wala hatukulijibu vema siku ile.

Tulikuwa tukifundisha Mpanda. Asiyeujua mji huo afahamu kwamba ulikuzwa na madini ya risasi, ambayo kwa ajili yake reli ililetwa kutoka Kaliua mwaka 1950. Mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na mji ukabaki, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa. Ni nchi ya miyombo na nyuki. Asali na nta za Inyonga zinajulikana mbali. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wa Kisukuma wamehamia bonde la Rukwa na sehemu za kaskazini yake pamoja na ng'ombe wao, hata mtu angedhani kwamba mji wa namna hii ungejaa kazi za ngozi. Haukujaa. Ngozi nyingi za nchi yetu huharibiwa kabla hazijafika kiwandani, kwa chapa ya moto, kwa kupe, kwa fimbo na kwa kisu cha mchunaji asiyejali. Hivyo ng'ombe hupita mbele ya mlango wa fundi, na ngozi anayoishona imetoka ng'ambo.

Fundi tunayemkusudia alikuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa mzee. Aliletwa nchini akiwa mtoto, miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi waliopewa makazi Katumba baada ya machafuko ya mwaka 1972, na alikuwa mmoja wa wale wengi waliopata uraia wa Tanzania. Watu walimwita fundi viatu, naye hakuikataa sifa hiyo, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa mikoba ya akina mama. Alisema kiatu hukanyaga matope na hakijali, bali mkoba hukaa ubavuni mwa mtu na kusikiliza.

Siku moja tulikaa kibandani mwake tangu asubuhi hata alasiri, naye alikuwa akitengeneza mkoba wa mwalimu mmoja mwenzetu. Mkoba huo ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, wa rangi ya kahawia iliyokoza, na mwalimu huyo alikuwa ameupata kwa mama mmoja aliyestaafu ualimu mkuu. Yule mama aliununua mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo madukani palikuwa patupu na mtu akibahatika kupata kitu chema alikitunza kama mboni ya jicho. Kwa watu wa Mpanda wa siku zile mkoba ule ulikuwa anasa kamili. Sasa mshono wa chini ulikuwa umeachia, mpini mmoja umekauka na kupasuka, na pembeni palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba.

Fundi hakuanza na sindano. Alianza kwa kuufuta mkoba kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa kuwa vumbi la kiangazi lina mchanga, na mchanga ukipakwa mafuta husaga ngozi kama jiwe la kinu. Akauacha ukauke kivulini, kamwe si juani. Kisha akaufumua mshono wa zamani wote, hata ule uliokuwa bado mzima, akisema kwamba uzi wa zamani ukishonwa pamoja na mpya, ule mpya hubeba mzigo wote na kukata ngozi. Uzi wake ulikuwa wa nailoni, ameupitisha mara tatu katika donge la nta ya nyuki ili usichukue maji na usiteleze. Alitumia uzi mmoja na sindano mbili, moja kila mwisho wa uzi, zikipishana katika tundu lile lile lililotobolewa kwa msharasi. Mshono huu una siri nzuri. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zinazoshikana katikati, na uzi mmoja ukikatika mahali pamoja huanza kuachia njia nzima. Katika mshono wa sindano mbili, upande mmoja ukikatika upande wa pili bado umeshika.

Jambo la kufurahisha ni kwamba mshono huo huo ndio fahari ya nyumba ya Hermès ya Paris, ambayo ilianza mwaka 1837 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi, na leo huuza mikoba kwa bei ambayo mtu angeweza kujenga nyumba. Nyumba hiyo huipokea mikoba yake iliyochakaa na kuitengeneza upya, na wanunuzi huona huduma hiyo kuwa sehemu ya anasa waliyoilipia. Tafakari jambo hili kidogo. Tajiri wa Paris hulipa fedha nyingi ili awe na kitu kinachoweza kushonwa tena, na sisi tumezoea kuona kiraka kuwa alama ya ufukara!

Tundu la pembeni fundi aliliwekea kiraka. Tulidhani ataingiza kipande kwa ndani na kupaka rangi juu ili lisionekane. La hasha. Alikata ngozi ya rangi iliyokaribiana na ile ya mkoba lakini isiyolingana nayo, akaipunguza unene kingoni kwa kisu, akaishona kwa nje, wazi kabisa. Tulipomwuliza alijibu kwamba mwenye mkoba anajua kuna tundu, na atakayerithi baada yake yampasa ajue pia, ili asije akaweka kitu kizito upande ule. Mwisho akayeyusha nta kidogo pamoja na mafuta ya ng'ombe, akapaka kwa uchache mno. Mafuta mengi hulegeza ngozi na kuilaza kama mtu mvivu. Wako wanaopaka dawa ya viatu, na hao hujijua wanapovaa nguo nyeupe. Wakati wa masika, alituambia, mkoba ujazwe karatasi, uwekwe mahali penye hewa, usifungiwe kamwe katika mfuko wa plastiki, kwani ndani yake hutoa jasho na kuota koga.

Alasiri ile ile walikuja wanawake wawili. Mmoja alikuwa kijana, ameolewa karibuni. Wa pili alikuwa wifi yake. Bibi arusi alileta mkoba unaong'aa wenye jina la nyumba moja mashuhuri ya Ulaya kwa herufi za dhahabu. Ulikuwa zawadi ya mumewe, naye aliununua kwa fedha nyingi kwa mfanyabiashara aliyemhakikishia kuwa ni halisi. Mpini ulikuwa umeng'oka, na mkoba haukuwa umetimiza hata nusu mwaka. Fundi akafungua bitana ili aone mpini ulishikwa na nini. Sisi tuliokaa upande wake tuliona alichokiona. Chini ya bitana palikuwa na boksi, na ile iliyoitwa ngozi ilikuwa kitambaa kilichopakwa plastiki, kimeanza kubanduka magamba. Ukingo wa ngozi ya kweli huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana, na chembe yake ikichomwa hunuka kama nywele. Kile kingeyeyuka.

Wifi akasogeza shingo. Fundi akarudisha bitana mahali pake, akasema, "Binti yangu, mpini umezidiwa na mzigo. Uache hapa, urudi kesho asubuhi."

Kesho yake alikuja peke yake, na fundi akamweleza yote. Alilia kidogo. Kisha akamwomba ashone mpini na asimwambie mtu, maana mumewe angefedheheka mbele ya ndugu zake. Fundi akakubali, akaimarisha mpini kwa ukanda wa ngozi ya kweli kwa ndani, akatoza bei ya kawaida. Baada ya majuma mawili yule kijana alirudi na ombi jingine. Alikuwa amepata mtu wa kuununua mkoba ule kwa bei kubwa, naye alimtaka fundi amthibitishie mnunuzi, yeye akiwa mjuzi, kwamba ni mali halisi. Angepewa sehemu yake. Fundi alikataa, na mkoba haukuuzwa.

Hadithi hii tuliipeleka darasani bila kumtaja mtu, na darasa likagawanyika. Kijana mmoja alisimama akasema kwamba fundi hana msimamo. Ama uongo ni mbaya, akasema, na basi angemwambia wifi siku ya kwanza, ama uongo unaruhusiwa, na basi kwa nini amnyime maskini fedha zake? Tulitoa jibu la haraka kuhusu uaminifu, kengele ikalia, tukatoka tukijua kwamba hatujajibu.

Leo tungesema hivi. Utamaduni wetu una neno sitara, na neno hilo lina uzito ambao hauonekani katika neno siri. Siri yaweza kuwa ya mwizi. Sitara ni stahi: ni nguo juu ya mwili, ni mlango wa nyumba, ni jirani anayesikia ugomvi usiku na asubuhi akasalimu kama kawaida. Mkoba wenyewe ni chombo cha sitara, na bitana ni sitara ndani ya sitara. Fundi anayefungua bitana ya mtu anaingia mahali ambapo hata mume huenda haingii. Aliyoyaona humo hayakuwa mali yake ya kugawa, na wifi hakuwa na haki nayo kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu. Lakini mwenye mkoba alikuwa na haki, na ndiyo maana fundi hakunyamaza kwa mwenyewe. Angeweza kushona, akatwaa fedha, akamwacha binti yule akijivunia boksi. Mafundi wengi hufanya hivyo na huita hiyo busara.

Mnunuzi naye alikuwa akitoa jasho lake. Kumwambia kwamba kitambaa ni ngozi si kumsitiri mtu, ni kumvua mwingine. Kiraka kile cha mkoba wa mwalimu kilisitiri tundu, nacho hakikulikana tundu. Kilisema hapa paliharibika na hapa pameshonwa. Herufi za dhahabu zilisema hapa hapajawahi kuwa na boksi. Nadhari ya haraka huona vitu hivi viwili kuwa kimoja, kwa kuwa vyote hufunika.

Hata hivyo tukiri kwamba hoja ya yule kijana haijaisha. Maneno kwamba mpini ulizidiwa na mzigo yalikuwa kweli, maana boksi huzidiwa na mzigo wowote, lakini yalisemwa ili wifi aelewe jambo jingine. Na mume? Yeye ndiye aliyeibiwa, na kwa kunyamaziwa huenda akarudi kwa mfanyabiashara yule yule na fedha nyingine. Hapa sitara ya mke inakaa juu ya hasara ya mume, na hatuoni njia ya kulifumua fundo hilo pasipo kuumiza mmoja wao. Tunadhani binti alipaswa kumwambia mumewe chumbani, kwa upole. Hatujui kama alifanya hivyo.

Swali moja tulilirudisha kwa fundi mwenyewe, kwa sababu wanafunzi walilisisitiza. Je, kama wifi angemwuliza waziwazi, pale pale, mkoba huu ni ngozi au si ngozi, angejibu nini? Mzee alikuwa akipitisha uzi katika donge la nta. Akauvuta mara ya pili, mara ya tatu, kisha akasema, "Ningemwambia, mwenye mkoba huyu hapa, muulize yeye." Halafu akatuomba tusogee kidogo, tulikuwa tumemzibia mwanga.